Huzuni Isiyo na Matanga

Wazee wangu, walimu wenzangu, mabibi na mabwana, assalaam alaykum. Na wenzetu ambao salamu yao ni nyingine, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze jioni hii juu ya neno moja tu la Kiingereza, na aliyeniomba alidhani ananipa kazi nyepesi, kwa kuwa neno hilo limo katika kila kamusi na kamusi hulitolea jibu la haraka: huzuni. Neno lenyewe ni melancholy. Wanafunzi wetu wa sekondari hulipenda mno, kwani ni refu na lina harufu ya usomi, nao huliweka katika insha popote pale ambapo mtu ametokwa na machozi. Mimi pia nililipenda nilipokuwa na umri wao. Kwa miaka mingi nililitamka vibaya, ile ch yake nikiitamka kama ya chai, mpaka mwalimu mmoja aliponisahihisha mbele ya darasa kwamba hiyo ni k, na kwamba mkazo wa neno hukaa mwanzoni kabisa. Aibu ile ilinifunza matamshi. Maana nilifunzwa na bibi mmoja mgonjwa, na gharama ya somo aliilipa yeye.

Mimi ni mfasiri, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ya karatasi: hati za mirathi, mikataba ya nyumba, barua za mawakili. Mara mojamoja huitwa kuwa mkalimani ana kwa ana, na mwaka mmoja, mwezi wa Juni, niliitwa katika zahanati ambayo sitaitaja, ambako daktari mgeni kutoka Uingereza alikuwa akiona wagonjwa kwa siku chache. Bibi aliyeketi mbele yetu alikuwa amejitanda leso, na wakati wote tuliozungumza alikuwa akilikunja pindo la leso hiyo kwa vidole viwili, akalikunjua, akalikunja tena. Daktari, mtu mzima wa shule ya zamani, aliuliza juu ya usingizi, akauliza juu ya chakula, kisha akauliza kama mama huyu anasumbuliwa na melancholy. Nami bila kusita nikasema: “Bibi, daktari auliza, una huzuni?” Akanitazama kama mtu aliyevunjiwa heshima kidogo. “Huzuni ya n’ni, mwanangu? Kwangu hakukufa mtu.” Nikamfasiria daktari kwamba hapana. Daktari akaandika hapana, akampa dawa ya mgongo, kwa sababu mgongo nao ulikuwa umetajwa, tukaagana.

Kwa kipimo cha kamusi sikuwa nimekosea, lakini jibu la bibi lilinikaa moyoni, na kadiri nilivyolifikiri ndivyo nilivyoona kwamba aliyekijua Kiswahili kati yetu wawili alikuwa yeye. Maneno yetu ya huzuni mengi yana mwenyewe, yaani yana jambo lililoyaleta, na asiyeweza kulitaja jambo hilo huona haya kuyatumia. Msiba ni tukio kabla haujawa hisia. Kihoro ni pigo la kupotewa, zito kiasi kwamba twasema fulani alikufa kwa kihoro na hakuna anayeuliza zaidi. Simanzi na majonzi hufuata tanzia. Jitimai ndilo neno ambalo washairi hulikimbilia pale simanzi isipotoshea vina, Mungu awasamehe. Hata ukiwa, ambalo nitalirudia baadaye, asili yake ni hali ya aliyeachwa: mkiwa ni mtu aliyebaki bila wake, na makiwa ndilo neno tunalompa mfiwa tunapoingia nyumbani kwake. Kwa hiyo Mswahili akikuona umeinama hakuulizi unajisikiaje. Hukuuliza umepatwa na nini, na swali lake limekwisha kukubali kwamba kipo kitu kilichokupata.

Na huzuni yenye sababu hupewa pia ratiba. Matanga yana siku zake, hitima ina siku yake, na mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Sisemi kwamba uchungu huisha siku matanga yanapoinuliwa. Kila aliyefiwa anajua sivyo. Nasema kwamba jamii imempa mfiwa mahali pa kuketi, watu wa kuketi naye, na siku ya kuinuka. Neno la Kiingereza tunalolizungumzia leo linataja huzuni isiyo na vitu hivyo, huzuni isiyo na matanga, na hapo ndipo mfasiri anapokwama.

Tulivue neno lenyewe nguo tulione. Ni la Kigiriki, na limeundwa kwa maneno mawili, moja lenye maana ya nyeusi na jingine lenye maana ya nyongo. Waganga wa Kigiriki waliomfuata Hippocrates walifundisha kwamba mwili unaendeshwa na majimaji manne, nayo ni damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba afya ni kulingana kwake na maradhi ni kuzidiana. Galen, aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, aliyapanua mafundisho hayo hata yakatawala tiba kwa zaidi ya miaka elfu moja. Aliyezidiwa na nyongo nyeusi hupatwa na hofu na huzuni. Na katika semi za kiganga zilizohifadhiwa kwa jina la Hippocrates mna kauli fupi kwamba hofu na unyonge wa moyo vikidumu muda mrefu, hali hiyo ni ya nyongo nyeusi. Angalieni alama aliyoichagua yule mganga. Haulizi nani amekufa. Anauliza imedumu kwa muda gani.

Baadhi yenu mtasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na yabaki huko. Taratibu. Tiba hiyo ilifasiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9, na nyongo nyeusi ikaitwa sauda, ya manjano ikaitwa safra, na ute ukaitwa balgham. Ishaq ibn Imran, tabibu wa Kairouan, mji ulio katika Tunisia ya leo, aliandika risala nzima juu ya ugonjwa huu mmoja, na katika karne ya 11 Constantinus, aliyepewa lakabu ya Mwafrika kwa kuwa alitoka pande zile zile za Afrika ya kaskazini, alitoa kitabu cha Kilatini kilichotokana na risala hiyo, na madaktari wa Ulaya wakakisoma. Yaani kabla Waingereza hawajalizoea neno hili, elimu yake ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya Waafrika na katika lugha ambayo sisi tumeazima kwayo nusu ya msamiati wetu wa uganga. Belghamu tunayo hadi leo, kila mtu akikohoa. Safura tunayo, ingawa kwetu imekuwa jina la ugonjwa wa kupungukiwa na damu na kuvimba. Na sauda, ambayo maana yake ni nyeusi tu, mnainunua kila wiki sokoni bila kuitambua, imo ndani ya habasoda.

Lakini huzuni yenyewe hatukuitia nyongoni. Sijui mtoto yeyote aliyelelewa Mji wa Kale hapa Mombasa ambaye hakuwahi kuonywa na mamake siku ya kuchinja kuku. Kijifuko kile cha kijani kibichi kimeshikamana na ini. Kidole cha shahada hupitishwa chini yake polepole na ini hushikwa kwa mkono wa pili, na mtoto huambiwa asikibonyeze, kwa maana kikipasuka ini lote huwa chungu na hakuna maji yatakayoliosha. Kutokana na uchungu huo tumepata msemo wetu kwamba mambo yametumbukia nyongo. Nyongo ya Mswahili huharibu mambo, haimliwazi wala haimhuzunishi mtu; huzuni tumeikabidhi moyo, na maneno makali tumeyakabidhi maini yayakate. Na mnaona rangi yake ni kijani. Nyongo nyeusi ya Wagiriki haikuwahi kuonekana na mpasuaji yeyote, na tiba ya kisasa imeiacha kabisa, ikabaki katika neno kama jina la mtaa ambao mwenye mtaa alikwisha kuhama.

Hili si jambo la ajabu kwa maneno ya huzuni; huhama sana. Kiingereza chenyewe kina neno sad, la kila siku, ambalo zamani lilikuwa na maana ya aliyeshiba, kisha likawa la aliyekinai, kisha la mzito, hata likafika kwenye huzuni. Na grief, uchungu wa kufiwa, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya uzito. Nasi je? Twasema tuna hamu na ghamu ya kumwona mgeni, tukimaanisha shauku, hali katika Kiarabu maneno hayo mawili yakiandamana ni fadhaa na majonzi. Neno lililotoka kwao likilia limefika kwetu likicheka.

Melancholy liliingia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa katika karne ya 14, likiwa jina la maradhi na la nyongo inayoyaleta. Kufikia wakati wa Shakespeare lilikuwa pia fasheni ya mabwana wasomi, waliochorwa picha wamekunja mikono vifuani na kofia nyeusi zimeshuka usoni, kwa kuwa iliaminika kwamba nyongo nyeusi huandamana na akili nyingi. Mwaka 1621 Robert Burton wa Oxford alichapa kitabu kinene mno juu ya hali hii, akakiri kwamba aliandika juu yake ili ajishughulishe nayo isimpate, na nasaha yake ya mwisho kwa msomaji ilikuwa kwamba asikae peke yake na asikae bure. Bibi zetu wangeweza kumwambia hilo kwa sentensi moja. Baadaye magazeti ya Kiingereza yakalitumia neno kwa ajali za mashua na moto, yakiziita matukio ya melancholy kwa maana ya matukio ya kusikitisha tu, na wanaosoma nyaraka za kale wasidhani mashua ilikuwa na nyongo.

Kama mnataka kuiona hali yenyewe bila jina lake, mtazameni mfanyabiashara wa Venisi katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri na ikachapishwa mwaka 1969. Antonio anaingia jukwaani akiwaambia rafiki zake kwamba hajui kwa nini amehuzunika, na kwamba kutojua huko kwamchosha. Rafiki zake ni Waswahili watupu. Mmoja anasema bila shaka ni jahazi zako zilizo baharini, na anaeleza jinsi yeye angeogopa kila upepo. Antonio anasema hapana, mali yangu haiko katika chombo kimoja. Basi ni mapenzi, anasema hapana. Mji wa bandari, wenye mali walio na vyombo safarini, na marafiki wanaotafuta msiba ili wapate kutoa pole: ningeweza kuuweka mkutano ule hapa chini penye Bandari ya Kale bila kubadilisha kitu ila majina.

Mfano wa upande wa pili ni wa hapa hapa. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alifiwa na mkewe Rosine mwezi wa Julai mwaka ule ule, na mtoto wao mchanga pia, na kaburi liko ng’ambo upande wa Nyali. Aliendelea kuandika maneno yetu, na kamusi yake ikachapwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mwanafunzi akiniandikia kwamba Krapf alikuwa na melancholy nitamkata alama. Ule ulikuwa msiba, na una mahali pa kuelekezwa kidole. Kadhalika insha ninazoletewa, ambamo mama amezikwa na familia nzima imeshikwa na melancholy: Mwingereza akisoma hivyo atafikiri watoto wale waliketi dirishani wakitazama mvua kwa utulivu, ilhali mwandishi alitaka kusema kwamba walikuwa wakigaragara.

Maana katika mazungumzo ya leo neno hilo limekuwa laini. Madaktari katika karne ya 20 walihamia jina jingine, depression, kwa maradhi yenyewe, na kilichobaki kwa watu wa kawaida ni ile huzuni tulivu, yenye fikira, ambayo mtu hukaa nayo na hata huionea utamu kidogo. Kwa hiyo neno lina nyumba mbili, na kosa langu katika zahanati lilikuwa kutobisha hodi kwenye ya kwanza.

Kwa ile laini, mimi napendekeza ukiwa. Wanaosema kwamba Kiswahili hakina hisia hiyo hawajausoma utenzi wa Inkishafi, ambamo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anauhutubia moyo wake mbele ya magofu ya Pate, na madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani za kaure sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Pale hakulii mtu aliyekufa jana. Mji ulikwisha kuwa mahame. Na wazee waliowahi kuiona Bandari ya Kale ikijaa majahazi ya kaskazi, kisha kusi ikivuma na vyombo vikiondoka kimoja kimoja hadi maji yakabaki matupu, watanielewa nikisema kwamba jioni ya namna hiyo ilikuwa ya ukiwa, hata kwa asiyedaiwa na nahodha yeyote. Kwa mtu ambaye tabia yake ndiyo hiyo, mwenye kunywea na kutopenda baraza, tuna neno unyong’onyevu, nalo latosha.

Kwa maradhi, jambo ni zito zaidi. Freud, daktari wa nafsi wa Austria, katika makala yake ya mwaka 1917, alitofautisha maombolezo na melancholy kwa kusema kwamba katika maombolezo ulimwengu ndio unaokuwa maskini na mtupu, na katika melancholy ni nafsi ya mtu mwenyewe. Madaktari wa leo hupima kwa muda na kwa dalili: moyo kuwa chini, au kutofurahia chochote, sehemu kubwa ya siku na karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Neno la zamani halikufutika kabisa katika vitabu vyao. Bado wanalitumia kwa aina moja ya ugonjwa huo, ambayo mgonjwa huamka mapema mno kabla ya wakati wake, asubuhi humlemea kuliko jioni, na hata habari njema haimchangamshi. Ndugu zetu wa Tanzania wanauita ugonjwa sonona, kutokana na kitendo cha kuuma ndani kwa ndani, na ni neno zuri kuliko lile refu tunalotumia sisi, msongo wa mawazo, ambalo hulaumu mawazo hali mgonjwa mwenyewe mara nyingi atakwambia hana hata wazo moja. Najua kwamba katika mji huu, ambamo mkutano wa mwaka 1928 ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na kukiacha Kimvita chetu mlangoni, si rahisi kumsihi mtu achukue neno kutoka kusini. Lichukueni tu.

Ila nimejifunza kwamba hata sonona si neno la kumwuliza mgonjwa. Ni neno la kuandika. Kumwuliza ni kazi nyingine. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule niliitwa tena, daktari akiwa mwingine, na katika benchi la nje nikamkuta bibi yule yule na leso, amekonda mikono. Alipoingia, daktari aliuliza kwa maneno yake, nami safari hii niliomba ruhusa nisilifasiri neno. Nikamwambia: “Bibi, moyo wako wakaaje?”

Hakujibu mara moja. Kidole kilisimama juu ya pindo. “Moyo hautaki kitu, mwanangu,” akasema. “Naamka kabla ya adhana, n’na uzito hapa. Wajukuu waja wacheka, nami nawatazama tu kama wa jirani.” Kisha akaongeza kwa haraka, kana kwamba ataulizwa, kwamba hakuna aliyemkosea na hakuna aliyekufa. Nikafasiri neno kwa neno, na hilo la mwisho pia. Daktari akauliza tangu lini.

“Tangu masika,” akasema, na juu ya mabati vuli ilikuwa imeanza kunyesha.